Mama Futi Hafukuzi Mtu

"Shangazi, kwa nini hukumfukuza tu?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kumi asiyeishiwa maswali. Aliyeulizwa alikuwa na pini tatu mdomoni, na fundi cherehani mwenye pini mdomoni hajibu swali. Alitikisa kichwa, akakanyaga pedali, cherehani ikajibu kwa niaba yake: trrrrr.

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, iwe dukani, sokoni au kanisani. Siku moja alipanda nayo mimbarini kusoma neno, na hakuna aliyeshangaa. Siku za juma alishona sare za shule na magauni ya harusi katika chumba chenye dirisha moja. Jumamosi alasiri alifunika mashine, akajipangusa nyuzi, akaenda kuongoza vijana wa kanisa, thelathini na ushei, kila mmoja na kiburi chake. Kazi hiyo ilikuwa imewashinda wanaume wawili kabla yake. Mmoja alisema ana presha. Wa pili hakusema kitu, alihama kanisa.

Mambo yaliharibika kwa neno moja.

Kila kikao kilifunguliwa na Babu Kengele, mzee aliyetunza kanisa: mwenye funguo ni yeye, mpiga kengele ni yeye, mfagiaji ni yeye. Alikuwa na sala moja tu, ileile miaka yote, na ulimini mwake herufi l na r zilibadilishana viti zipendavyo. Basi badala ya kumshukuru Mungu kwa mahali hapa, alimshukuru kwa mahari. "Bwana, tunakushukuru kwa mahari hapa..." Kisha alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani, ndipo akaendelea.

Jumamosi hiyo, katikati ya ile pumzi, sauti ilitoka benchi la nyuma:

"Ngapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwenye sauti alikuwa kijana wa miaka kumi na sita waliyemwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wala hakuishia hapo. Alisimama akaiga sala nzima: mgongo umepinda, ile pumzi, kile kikohozi kidogo kabla ya Amina. Hata waliojiziba midomo walichekea puani. Babu Kengele alibaki amefumba macho mpaka kicheko kikaisha. Akasema Amina peke yake, akaweka funguo mezani mbele ya Mama Futi, akatoka. Jumapili kengele ilipigwa na mchungaji mwenyewe, ikalia kama sufuria iliyoanguka.

Jumatatu mwenyekiti wa wazee wa kanisa aliingia dukani. Hata kiti hakukitaka.

"Mama, tumeamua. Yule kijana afukuzwe. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Samaki akioza ameshakufa, mzee wangu. Hawa wanapumua."

"Usinichezee maneno! Mzee wa watu amedhalilishwa, hataki hata kupita njia ya kanisani. Nakupa Jumamosi nne. Babu asiporudi, kundi tunalifunga."

"Nne zinatosha. Lakini adhabu naikata mimi. Mkasi mmoja, mkono mmoja."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Mwenyekiti alipoondoka, alishona mfuko wa shati la mteja kichwa chini miguu juu.

Jumamosi ya kwanza aliwasimamisha wote waliocheka.

"Ngoma kabatini. Kinanda kabatini. Ile safari ya kwenda kuimba kwa wenzetu imefutwa."

"Aa, mama!"

"Aa nini? Nendeni kwa Babu sasa hivi, mkamwombe radhi."

Robo saa haikupita, walikuwa wamerudi.

"Mmemwambia nini?"

"Tumemwambia samahani," alisema Redio, pipi shavuni.

"Naye?"

"Hakufungua mlango."

"Kwa hiyo mmeuomba radhi mlango." Mama Futi alivua futi shingoni, akainyoosha juu ya meza. "Samahani hiyo ina sentimita ngapi? Mbona naona haifiki hata magotini?"

Mmoja alicheka. Mama Futi hakucheka.

"Redio. Kuanzia leo kazi ya Babu ni yako. Utafagia, utapanga mabenchi, utapiga kengele. Na kikao utafungua wewe, kwa sala."

"Mimi? Kusali mbele za watu?"

"Wiki iliyopita ulisali vizuri sana."

"Ile ilikuwa utani, mama."

"Sasa tusikie ya kweli."

Jumamosi ya pili Redio alisimama mbele, mikono haijui iende wapi. "Bwana... Bwana... sisi..."

"Redio imeisha betri!" alipiga kelele mwenzake wa benchi lilelile la nyuma, na kicheko kikamwangukia safari hii yeye. Redio akaangalia mlango.

"Mlango hauko mbali," alisema Mama Futi, "lakini ukitoka nitakufuata, na miguu ninayo." Akamgeukia mwenye betri. "Na wewe, choo cha nje kinakusubiri na ufagio wake."

Redio akarudi kuketi, masikio yakimwaka. Mama Futi alimwonea huruma. Akaikunja ile huruma kama kitambaa cha mteja, akaiweka kando. Saa yake ilikuwa bado.

Jumamosi ya tatu kijana alikuja na viganja vilivyochubuliwa na kamba ya kengele. Alisali maneno matano, akakwama tena. Wenzake walipoondoka alibaki akipanga mabenchi yaliyokwisha kupangwa.

"Mama, hivi Babu huwa anaanzaje? Mbona kwake yanatoka tu?"

"Kamuulize."

"Si hafungui?"

"Basi kaa nje. Mlango si ukuta."

Wiki hiyo Mama Futi alipeleka magauni ambayo hakuna aliyeyahitaji haraka, na kila gauni lilipitia njia ya kwa Babu Kengele. Siku ya kwanza aliona mtu mmoja ameketi kizingitini. Siku ya pili, mmoja. Siku ya tatu waliketi wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Jumamosi ya nne mwenyekiti aliketi benchi la mbele, mikono kifuani. Ukumbi ulikuwa safi, kengele imelia kwa wakati, lakini Babu Kengele hakuonekana. Redio alisimama, akafumba macho kwa nguvu.

"Bwana, tunakushukuru kwa mahari hapa..."

Akanyamaza ghafla. Maishani mwake alikuwa anajua sala moja tu, nayo ilimtoka kama alivyoipokea, na kosa lake ndani. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyethubutu hata kujikuna. Mwenyekiti alianza kuinuka, uso umemwiva. Kwake hii ilikuwa dhihaka ya pili. Mama Futi alishika futi kwa mikono miwili.

"Ngapi?"

Sauti ilitoka mlangoni. Babu Kengele alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Redio alifungua macho, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamponyoka.

"Nisamehe, Babu."

"Nimeshakusamehe tangu kizingitini." Mzee alitembea mpaka mbele, akasimama kando yake. "Haya, endelea, mjukuu wangu. Vuta pumzi kwanza."

Akaivuta. Mama Futi alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani bila kuzigonga. Walipofika Amina zilikuwa zimerudi mkononi mwa Babu. Mwenyekiti alikuwa ameketi tena, akihangaika kutafuta leso.

"Sasa ngoma zitoke, mama?" aliuliza mmoja.

"Wiki mbili zaidi. Nguo niliyoikata sijamaliza kuishona."

Miaka ikapita. Redio akawa fundi wa mabati, na siku Babu anapoumwa miguu, kengele huipiga yeye. Mtoto wa kaka yuko sekondari sasa, amempita shangazi yake kimo. Juzi alimkuta dukani akipinda sketi, akamnyang'anya pini kabla hazijafika mdomoni, akamuuliza tena lile swali lake la utotoni.

Mama Futi alisimamisha mashine.

"Yule mtoto alimwiga Babu mpaka kile kikohozi kabla ya Amina. Mimi nilikaa na Babu miaka sita ukumbini mle, sikuwahi kujua kwamba hukohoa. Kati ya watu wote, aliyekuwa anaisikiliza sala ni yule peke yake. Sasa unamfukuzaje?"