Fundi Protase anauliza: mnacheka nini huko juu?

Saa tatu asubuhi, kijijini Buganguzi wilayani Muleba, sauti inatoka ardhini. "Mnacheka nini huko juu?"

Wanaoulizwa ni wawili. Edvina, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mazingira, amechuchumaa kando ya mdomo wa kisima akipanga mabonge ya udongo juu ya mfuko wa saruji uliopasuliwa. Gideon, mwanafunzi mwenzake, anayapiga picha na kuyataja kwa majina. Mwenye sauti ni Protase Rugemalira, mchimba visima, ambaye yuko mita tisa chini na sururu mkononi. Edvina ni mkewe.

"Hatucheki kitu, Baba Yuster," Edvina anajibu.

Kamba inatikiswa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Damian, mwenzake Protase wa siku nyingi anayevuta ndoo, anamkonyeza mwandishi wa makala haya na kuanza kuvuta. Ndoo imejaa pomoni. Fundi akikasirika, anasema Damian, kazi inakwenda.

Protase ana umri wa miaka thelathini na minane. Amechimba visima tangu ujana wake, kuanzia Buganguzi hadi Kimwani, na kwa kila mita hulipwa kati ya shilingi elfu arobaini na elfu sitini, kutegemea ugumu wa mwamba. Mvua kubwa zikianza hashuki kabisa, maana kuta huporomoka. Kwa kazi hiyo nyumba inakula, binti yao Yuster anasoma darasa la tano, na kibanja cha migomba hakikosi nyasi za kutandaza.

Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipougua. Anachokumbuka zaidi ni mwalimu wa jiografia aliyechora ubaoni dunia iliyokatwa katikati kama yai la kuchemsha, akasema matabaka yake watayasoma mwezi ujao.

"Huo mwezi ujao mimi sikuufikia," anasema. "Nilikuwa nimeshapewa sururu."

Edvina yeye alimaliza kidato cha sita Bukoba mjini, akaolewa, akalima. Baadaye akapata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam, na mkopo wa serikali juu yake. Protase ndiye aliyemnunulia sanduku na kumsindikiza stendi. Anaapa kwamba siku hiyo hakuwa na wivu hata kidogo. Wivu ulikuja Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa.

Kwa Wahaya, mke ndiye humtengea mumewe senene. Protase akaamua kuigeuza desturi hiyo kwa ajili ya msomi wake. Alikwenda kata ya Bakoba, mjini Bukoba, kwa dada yake, akanunua ndoo ndogo ya senene, akaketi na wanawake kunyonyoa mbawa na miguu huku wakimcheka waziwazi. Akawakaanga mwenyewe na kuwatuma kwa basi. Siku chache baadaye akaona picha kwenye simu: Gideon, ambaye kwao ni Singida, kashika bakuli na mashavu yamevimba. Chini ya picha Edvina kaandika, "Senene wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Protase anauliza, na hata leo uso unambadilika.

Gideon anajitetea kwamba alidhani ni vitafunwa tu, kama karanga. Ni kijana mpole. Tangu afike Muleba analala gesti kwa fedha yake, naye humwita fundi shemeji kwa heshima zote. Heshima hiyo ndiyo inayomchoma mwenyeji wake kuliko matusi. Kijiji nacho hakikumsaidia Protase, kwani kila aliyepita kisimani alimuuliza kama ni kweli mkewe kaja na mwanamume.

Bahati mbaya utafiti wa wanafunzi hao wawili unahusu visima vilivyochimbwa kwa mkono. Vyote sita walivyovichagua ni kazi ya Protase, na wenye visima hawafunui mfuniko bila neno lake. Jioni moja wiki iliyopita, baada ya kuwasikiliza wakicheka juu ya kichwa chake kutwa nzima, alitoka kisimani, akanawa miguu, akatamka kwamba hakuna kisima chake kitakachopimwa. Bila visima hakuna utafiti, na bila utafiti Edvina hahitimu mwaka huu.

Edvina hakulia. Alimwambia kama shida ni Gideon aseme, atatafuta mtu mwingine hata akichelewa mwaka mzima. Protase akaingia kulala. Jioni ya pili yake alimkuta mkewe anamenya ndizi, akavuta kigoda.

"Nilimwambia, Mama Yuster, yule kijana watu wananisingizia tu kwamba namwonea wivu. Senene nimemsamehe, karibu wote," anasimulia. "Ninayemwonea wivu ni wewe. Udongo huu nimeutoboa ujana wangu wote, sijui unaitwaje. Wewe umekwenda kukaa kwenye kiti Dar es Salaam, umerudi unaujua kwa jina. Mnaniita nilete ndoo, halafu mnaongea na ndoo. Mimi mnanisahau shimoni."

Edvina anasema alikuwa amejiandaa kujitetea kuhusu Gideon tu. "Hilo lingine nilimkubalia, maana ni kweli. Ningekuwa yeye, ningeumia vilevile."

Visima vikafunguliwa, kwa sharti moja: Edvina mwenyewe ashuke, akamsomee mumewe ukuta wa kisima akiwa humo humo ndani. Damian alipinga, kwani mafundi wengi wanaamini mwanamke akiingia kisimani maji hukimbia. Protase akamjibu kwamba yakikimbia, na yakimbie.

Ndiyo maana saa tano Edvina amevaa suruali ya mumewe, kaikaza kwa kamba ya katani, na kuketi kwenye ubao wa kushukia. Damian anamteremsha polepole akinung'unika. Kutoka chini inasikika sauti yake ikitaja tabaka moja baada ya jingine, na ya Protase ikirudia kwa utaratibu. Kisha wote wawili wanacheka, na kicheko kinapanda kikiwa kizito.

Gideon anachungulia. "Mnacheka nini huko chini?"

Damian anamwomba asogee, anamwangushia shemeji yake udongo.

Adhuhuri Protase anapanda juu, katapakaa udongo kichwani hadi miguuni. Januari, anasema, anaanza masomo ya jioni kujiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule wa watahiniwa wa nje ya shule, kisha kidato cha nne, kisha chuo cha maji kama Mungu akipenda. Anaulizwa kama wivu umekwisha.

"Haujaisha, waitu, ndugu yangu. Ukiisha, nani ataniamsha nisome?" Anakung'uta udongo masikioni. "Nikifika chuo, yeye ndiye atanitumia senene. Awanyonyoe mwenyewe, awakaange mwenyewe. Nitakula na nani, hilo asiniulize."

Edvina, aliyekuwa akifungasha mabonge ya udongo, ameacha kufungasha.

"Na nani?" anauliza.