Breki Imeachia

Leo hapa Garsen gari moja limesimama kando yangu likinuka breki zilizoungua, nikajikuta nimekunja vidole.

Harufu ile ile ya utotoni mwangu. Tulikuwa tumetoka Wenje kwa gari kuukuu la baba, tukimpeleka mama kujifungua, mara gurudumu la mbele likafuka moshi. Baba akalipiga jeki, akalisukuma kwa mikono miwili, likagoma kuzunguka.

"Breki imeshika," akasema.

"Na mimi nimeshikwa," mama akajibu kwenye kiti cha nyuma, akinibana mkono. "Fanya upesi, baba watoto."

Baba akalegeza nati ya kutolea hewa kwenye breki, oili ya breki ikamrukia usoni, gurudumu likazunguka.

"Imeachia, mama watoto."

Nikashindwa kumwambia kwamba vidole vya mama navyo vimeachia mkono wangu, na kifua chake hakipandi tena.