Jiwe Lililosingiziwa Tumbo Langu

Jiwe lilianguka kutoka angani tukipalilia uwele, Unyambwa. Lilivuma, likajichimbia udongoni. Kwa ukoo wa mume wangu Zefania, shamba lililoangukiwa na kitu cha angani halilimwi mpaka lichinjiwe kondoo. Shamba lilipata kondoo wake. Mimi sikupata. Walisema jiwe limenifunga tumbo. Kwamba sikuwa nimezaa hata kabla halijaanguka, hakuna aliyekumbuka.

Nilirudishwa Mwankoko kwa kaka yangu Mughwai. Zefania mwenyewe alilitupia jiwe kwenye mkokoteni, juu ya vyungu vyangu.

"Nenda na mwenzako," akasema.

Vyungu viwili vilipasuka. Jiwe nililiweka kuzuia mlango wa banda la mbuzi, maana lilikuwa dogo lakini zito kama nyundo ya mhunzi.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, kila mtu akawa mfanyabiashara. Dalali mmoja wa madini alilikwaruza, akaona si dhahabu, akaliacha. Habari za jiwe zikamfikia Jesca, binti wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka Singida akichunguza mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbuzi siuzi."

Akacheka, akaomba kipande tu. Aliporudi baada ya mavuno, alinieleza kwa lugha niliyoielewa, mimi niliyejulia kusoma kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima. Ndani ya jiwe mna madini ya kung'aa, ya chuma, nikeli na fosforasi, ambayo hapa duniani ni adimu sana.

"Fosforasi imo kwenye mifupa yako, mama, imo kwenye punje ya uwele. Bila hiyo hakuna kinachoishi. Wapo wanaodhani kwamba zamani, kabla ya kiumbe chochote, mawe kama haya yaliangukia majini, yakaiacha fosforasi humo, na uhai ukapata pa kuanzia. Hakika hatuna bado."

"Kwa hiyo halifungi tumbo?"

"Kama lina habari na matumbo, mama, basi ni ya kuyafungua."

Maneno hayo nilibaki nayo mwenyewe. Dalali, aliposikia kwamba chuo kimelichunguza, alitangaza kila mahali. Habari zilipofika Unyambwa, jiwe lilikuwa limeshakuwa mali, na Zefania akaja kulidai pamoja na mama yake, Martina. Alikuwa ameoa wawili baada yangu, na uani kwake hapakuwa na mtoto.

"Liliangukia shamba langu," akasema.

"Lichukue. Kwanza sema mbele ya kaka kwamba halikunifunga tumbo."

"Mambo ya zamani hayo."

"Basi ni mepesi kuyasema."

Alitazama nje, kwenye banda la mbuzi. Angesema hivyo, watu wangeuliza: kama si jiwe, kosa lilikuwa la nani?

"Shemeji," Mughwai akamwambia, "neno lenyewe fupi. Au tukuletee mkokoteni ulibebe?"

Zefania akainuka kuondoka. Martina hakuinuka.

"Halikumfunga," akasema. "Huyu alikuwa mzima. Wewe uliugua matumbwitumbwi ukiwa kijana, yakakushukia chini, na daktari aliniambia huenda usizae. Nilijua, nikanyamaza."

Zefania alitoka bila mama yake na bila jiwe.

Nilimpa Martina maji, akanywa. Msamaha hakuomba, wala mimi sikuwa nao. Nilimshika mkono, nikamtoa hadi uani, ambako wanawake walikuwa wakipepeta.

"Sema tena, mama," nikamwambia. "Hawa hawakusikia."

Akasema tena.