Maji Aliyoyagusa Qamara

Mwaka ule wa sabini na tisa, ungemuuliza mtu yeyote wa kijiji cha Qurus ni nani awezaye kulifufua bomba lao la maji, asingekutajia mwingine ila Qamara, fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya misheni, Karatu. Mkimya yule bwana, tena mbishi. Akishasema kitu hakiwezekani, hata umlilie, hagusi. Akisema kinawezekana, wewe nenda kalale.

Bomba lenyewe lilishuka kutoka chemchemi iliyo chini ya msitu wa Ngorongoro. Huko huko chemchemini kiungo kimoja kilikuwa kimekufa. Mabomba hayo huungwa kwa flanji, sahani nene za chuma zinazobanwa mbili mbili kwa bolti, na katika uso wa flanji kuna mfuo, mfereji wa duara unaokaliwa na pete ya mpira ili maji yasivuje. Kutu ilikuwa imeutafuna mfuo, pete ikatemwa, maji yote yakamwagikia porini. Pete mpya? Lo! Vita vimekwisha juzi tu, hata sabuni inatafutwa kwa tochi, pete ya mpira utaipata wapi? Watu wakarudi kuchota lamboni, maji ambayo ng'ombe huyaingia mpaka tumboni.

Inosenti, mwana wa pekee wa Qamara, alikunywa maji hayo. Akaharisha siku mbili tatu, macho yakaingia ndani, wakamzika. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwa Wairaqw wa zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto huingia metimani: hukaa kando na watu kwa muda wanaopanga wazee, moto wake hauombwi, chombo chake hakiazimwi, na zaidi ya yote wenyewe hawasogelei chemchemi. Usicheke. Jumapili watu hao hao walijaa kanisani na rozari mkononi, lakini jambo la maji ni jambo la maji. Qamara na mkewe Evarista walikubali. Walizaliwa katika desturi hiyo, na kwa msiba ule hata hamu ya kuonana na watu hawakuwa nayo.

Lakini bomba je? Mzee Tluway, aliyesikilizwa kuliko wote kijijini, alikuja akasimama mbali na ua wa Qamara, akapaza sauti.

"Mwanangu, chuma si maji. Kereza. Ila chemchemini hufiki. Atafunga Clemensi."

Wakamletea flanji, wakaitua njiani, wakaondoka. Qamara aliikereza peke yake, maana wenzake walipomwona akiingia karakana walikumbuka shughuli nyingine. Aliinoa mwenyewe ncha ya kisu cha mashine, akaipinda, kwa kuwa mfuo aliotaka haukuwa wa kawaida. Mpira aliokuwa nao ni wa kukata kwenye tyubu ya trekta, laini mno. Katika mfuo wa pande zilizonyooka ungetemwa tena. Basi akauchimba mfuo mwembamba mdomoni na mpana chini, mpira ukishaingia usitoke. Chuma cha kusubu hakitaki haraka. Kinatoka unga mweusi, na ukikilazimisha kinameguka. Alikwenda nacho polepole, unga ukimjaa puani, na kila mara alimwona Inosenti. Kama angeikereza mapema! Walikuwa wamengoja pete kutoka Arusha, wamengoja, na yeye akangoja nao. Wazo hilo lilimkata maini.

Clemensi alikuwa jirani yake, mkulima, mtu mzuri mwenye mikono ya jembe. Qamara alimfundisha kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya ua: "Bolti unakaza kidogo, unahamia ya upande wa pili! Kidogo, unavuka! Usikaze upande mmoja, utapasua flanji!"

"Nimekusikia, Baba Inosenti!"

Siku ya kufunga, Qamara aliruhusiwa kukaa juu kwenye ukingo wa msitu, mbali na maji. Kutoka huko aliona kila kitu. Aliona Clemensi akiingiza mpira, akikutanisha flanji, akiweka bolti. Kisha akamwona ananing'inia kwenye spana upande mmoja tu, kama anayefunga gurudumu la trekta.

"Vuka! Vuka upande wa pili!"

Upepo ukalibeba neno, na maji yalivyokuwa yakivuma pale chini, nani angesikia? Upande mmoja ulikuwa umeshabana, wa pili umeachama, na mpira umeanza kuchungulia. Mzunguko mmoja tu zaidi na chuma kingekatika, na flanji nyingine haikuwepo popote. Watoto wangeendelea kunywa maji ya lambo. Qamara hakufikiri mara mbili. Potelea mbali! Akateremka mbio.

Watu walipomwona wakatawanyika. Clemensi aliachia spana, akarudi nyuma. Qamara aliingia maji ya magoti, akalegeza bolti zote, akausukuma mpira ndani ya mfuo kwa vidole, akakaza upya, kidogo, akivuka, kidogo, akivuka. Akafungulia maji. Kiungo kikabaki kikavu. Bomba likanguruma kuelekea Qurus, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Mzee Tluway hakumtukana. Alitoa kauli tu: maji yale yasinywewe mpaka muda wa Qamara utimie na chemchemi itakaswe. Nakuambia, bomba lilitoa maji safi, baridi, pale katikati ya kijiji, na akina mama wakapita mbele yake na madebe kichwani wakienda lamboni. Evarista pekee ndiye aliyechota. Siku moja Qamara alishindwa kuvumilia, akasimama barabarani akipiga kelele kama mwendawazimu.

"Nichukieni mimi! Mimi hapa! Maji yanyweni, jamani!"

Wakaongeza mwendo.

Kabla mvua hazijaanza, Antonia, binti wa Clemensi, akashikwa na tumbo. Qamara alisikia kilio akiwa uani, akaelewa bila kuambiwa. Hakuruhusiwa hata kwenda kuzika.

Baada ya mazishi, Clemensi na mkewe Cresensia walikuja bombani mchana kweupe. Qamara alikuwa pale na ndoo, akataka kuondoka kuwapisha, kama alivyozoea kumpisha kila mtu. Clemensi akamzuia kwa mkono, akamshika kabisa bega. Tangu Inosenti afe, hakuna jirani aliyekuwa amemgusa.

"Usiondoke, Baba Inosenti," akasema. "Na sisi tumewekwa kando, kama ninyi. Sasa tunaruhusiwa kuyanywa."

Miezi yote ile Qamara alikuwa ameomba Mungu aje mtu mmoja tu, mmoja, ayanywe maji yale. Alimtazama Cresensia akiinama, akikinga mikono, akinywa kwa pupa huku analia, na akatamani asingemwona pale kamwe. Nyuma yao akina mama walipita na madebe, uso wamegeuza upande mwingine, wakishuka lamboni na watoto wao mgongoni.