Mtungi na Biringanya

Malik Zawwar Hussain alikuwa hawezi kusema maneno mawili bila kutaja mtungi. Mtungi ndiyo alama ya chama chake, na kule Kot Bahram, upande wa Multan, wanaojua kusoma ni wa kuhesabu. Kwa hiyo miaka thelathini na moja alizunguka vijijini, kwa baiskeli, kisha pikipiki, akihubiri neno moja tu.

"Majina yaacheni! Yamejaa kwenye karatasi ya kura kama siafu, yatawachanganya bure. Tafuteni mtungi, pigeni muhuri, rudini mkapike. Hata wakisimamisha punda kwa mtungi, nyie pigeni mtungi!"

Watu wakacheka, wakapiga muhuri.

Kwa ajili ya mtungi huo alicharazwa viboko enzi za utawala wa jeshi, akakaa jela miezi kumi na moja. Mara mbili akaingia bunge la jimbo kule Lahore. Alileta barabara, na shule ya wasichana ambayo mamwinyi wa ardhi hawakuitaka hata kuisikia. Nyumba yake ikabaki ileile ya tofali za udongo. Wenzake bungeni walimwita mjinga, na labda hawakukosea.

Maana uchaguzi wa tatu ulipofika, tiketi ya chama akapewa Taimur, mtoto wa mwinyi, aliyerudi majuzi kutoka London na Kipunjabi anakitafuta kwa tochi. Baba yake ndiye aliyewaonyesha askari nyumba ya Zawwar mwaka ule wa viboko. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda walau hakuombi umpigie makofi.

"Malik sahib, wewe ni mtu wa chama," mkubwa wa chama wilayani alimwambia kwenye simu. "Utatuelewa."

Hakuelewa. Akasimama peke yake, bila chama, na tume ya uchaguzi ikampa alama iliyobaki: biringanya. Lo, biringanya!

Wiki tatu alitembea nalo mkononi, mlango kwa mlango. Mjane mmoja, Mai Bakhtawar, akamtazama juu hadi chini.

"Nani kakuroga, Malik sahib? Wewe si wa mtungi? Hili sisi tunakaanga."

"Mai, safari hii mimi ndiye biringanya."

"Haya, karibu jikoni, biringanya wangu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Akacheka nao, na moyo unamuuma.

Taimur akashinda kwa tofauti ya kura mia tatu na kumi. Kituo cha kura cha wanawake cha mtaa wa Zawwar mwenyewe, penye jamaa zake wote, kiliupa mtungi kura mia nne na mbili, biringanya kura tisa. Zawwar akarudi nyumbani, akamkuta mama yake, Bibi Sharifan, amekaa kitandani uani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ila masikio mazima.

"Mwanangu, ngoma hizo za nani?"

"Za mtungi, Mama."

"Alhamdulillahi! Nilijua tu! Si pale kituoni walitaka kuniibia kura? Kibinti kimoja cha kunisaidia kupiga kura kinaniambia, bibi, Malik yuko kwenye biringanya. Nikakiambia, toka hapa! Mwanangu ni mboga? Sikukiachia mkono mpaka kilipoupiga muhuri wangu kwenye mtungi. Halafu nikageukia foleni nzima: jamani, msidanganyike, mwanangu ni mtungi! Wote wakaniitikia."

Sughran, mke wa Zawwar, alifungua mdomo. Zawwar akamtikisia kichwa.

"Unakwenda kuapishwa lini?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Basi waite majirani, tugawe laddu, waonje utamu wa ushindi. Adui zako wataona leo!"

Zawwar akatoka kuwaita mwenyewe. Majirani wakaja, Bibi Sharifan akawagawia kwa mkono wake, akiwabariki mmoja mmoja. Wakapokea kwa adabu, wakala, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumtazama Zawwar usoni.