Mkebe Mtupu wa Asubuhi

Daktari wa Eldoret alimwambia mume wangu kwamba moyo wake umechoka kwa kukaa. Kama anataka kuwaona watoto wetu wakifunga ndoa, atembee kila asubuhi hadi barabara kuu na kurudi. Mume wangu alikuwa karani, mtu wa kiti. Siku hiyohiyo alinunua raba nyeupe, akaziweka chini ya kitanda, nazo zikabaki nyeupe mpaka mahindi yakabeba.

Nisimsingizie. Nia alikuwa nayo tele. Tatizo lilikuwa njia. Tulikuwa tumehamia juzijuzi kwenye shamba la mzungu tulilonunua kwa hisa pamoja na wenzetu, na kila ploti ilikuwa na geti, na kila geti lilikuwa na mtu wa kumuuliza anakwenda wapi. Angejibu nini? Kwamba anatembea tu? Enzi hizo mtu mzima kutembea bila safari ilikuwa dalili ya wazimu au ya ugomvi nyumbani, na mgomvi ningekuwa mimi. Basi alikaribishwa geti la kwanza, akanywa chai, akarudi jua likiwa juu akisema ataanza kesho. Mara moja alijaribu kukimbia. Wanaume wakamfuata na marungu wakiuliza mwizi ameelekea wapi.

Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikalia, maana hata ngazi za mlangoni zilikuwa zinamtoa pumzi.

Nikamtolea mkebe wa maziwa. Ulikuwa mtupu, maana ng'ombe wetu wa pekee alikuwa amekauka maziwa, lakini nani angejua? Aliyebeba maziwa hazuiwi njiani, kwa sababu lori la kukusanya maziwa kule barabara kuu halingoji mtu. Kesho yake alipita mageti yote akiinua mkono tu. Akazoea, na ngazi zikaacha kumshinda.

Kisha ikaja mvua na baridi yetu ile ya kuuma mifupa. Akabaki kitandani. Nilimsihi, nikamfokea, akajifunika blanketi akasema ataanza Jumatatu. Mwenzenu niliogopa, nikaona nimekuwa mjane.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Alikuwa mzee wa geti la kwanza, amevaa koti la mvua, mkebe mkononi. Mume wangu akaanza kumweleza kwamba maziwa yamepungua. Mzee akamkatiza kwa upole.

"Karani, ng'ombe yako ilizaa lini? Sisi wote tunajua hiyo mkebe yako haina kitu." Akatikisa wake, nao ukawa kimya. "Hata yangu leo ni tupu. Vaa viatu, twende."

Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakiteremka matopeni. Kila geti walilopita, watu waliinua mkono bila kuuliza chochote.

Binti yetu wa kwanza alipoolewa, mzee yule alileta mkebe wake umejaa maziwa pomoni. Aliyetoka kwenda kuupokea getini, kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa baba wa bibi harusi.