Mama Mkwe Asema Nikienda Masomoni Ataitoa Sanda

Ndugu mwenye ukurasa huu, jina langu lifiche na hospitali yangu usiitaje, maana mji wenyewe huu tunajuana na midomo ya watu haina breki.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunakaa Kinondoni. Mume wangu yuko kiwanda cha saruji kule Wazo. Mimi ni muuguzi wa serikali, na tangu kilipofunguliwa chumba cha wagonjwa mahututi nimepangiwa humo. Ni vitanda vinne tu, mitungi ya oksijeni, na mashine moja ya kunyonya makohozi ambayo hufanya kazi ikijisikia. Humo mgonjwa humwachi hata kidogo. Unaangalia anavyopumua, rangi ya midomo yake, mkojo anaotoa, na ukiona kitu kimebadilika unamwita daktari kabla hakijaharibika. Naipenda kazi hii na sioni haya kusema.

Shida ni kwamba mitaani chumba chetu kina sifa mbaya. Wanakiita chumba cha kuagia. Mgonjwa akihamishiwa kwetu, ndugu hawaulizi hali yake, wanakwenda kutafuta mikeka ya msiba. Nikienda dukani wanawake wananitania, "Sista, leo umesindikiza nani?" Na aliyevuka mipaka ni mama mkwe wangu, anayekaa Temeke. Alikuwa akimwambia mwanawe mbele yangu, "Mkeo mikono yake inanuka maiti, mie asinipikie."

Mwaka jana pumu ikambana mama huyo huyo. Aliletwa asubuhi kwa gari la jirani, midomo imekuwa ya kijivu, hawezi kusema hata neno. Daktari akaamuru aletwe kwangu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akachungulia mlangoni. Akamwona mama yake kafumba macho, mpira puani, na mimi nimemwinamia. Hakuuliza. Akapanda baiskeli yake mpaka Temeke akatangaza msiba.

Basi mimi nahangaika na pumzi za mama, kule kwao watu wanalia. Mikeka ikatandikwa, masufuria ya kukodi yakaletwa, sanda ikanunuliwa. Alasiri shemeji akarudi na wanaume wa mtaani na jeneza la msikiti, wamekuja kuchukua maiti. Wakamkuta maiti kaegemea mito, namlisha uji kwa kijiko, naye analalamika kwa sauti ya kukwaruza kwamba hauna sukari.

"Hicho ulichokumbatia nini?" akamuuliza mwanawe.

"Ni... ni sanda, mama."

"Ya nani?"

Shemeji akaificha nyuma ya mgongo. Mama akanyoosha mkono. "Lete. Kama ni yangu nitaitunza mwenyewe."

Tangu siku hiyo amebadilika mpaka nikaona raha. Temeke nzima anawaambia, "Mkwe wangu alinishika wakati wanangu wameshanililia." Kifua kikimbana kidogo tu, anakuja kwangu Kinondoni. Muuguzi mwingine hamtaki. Nilijiona nimeshinda, kumbe nilikuwa nafungwa kamba.

Mwaka huu daktari mgeni aliyekianzisha chumba kile anamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Nimechaguliwa mimi kwenda ng'ambo miaka miwili, kusomea ubingwa wa kuuguza wagonjwa mahututi. Metroni aliniita akaniambia, "Hatukupeleki ili urudi ukae ofisini na funguo za kabati la mashuka. Utarudi kitandani kwa mgonjwa. Utawafundisha wenzako, na madaktari wakikaa kuamua, utakaa nao." Kwetu muuguzi akipanda cheo huondolewa kwa mgonjwa, kwa hiyo maneno yale yalinitoa machozi. Lakini akaongeza kwamba miaka hiyo miwili wenzangu watakishikilia chumba, ila nisipokwenda, hakutakuwa na bingwa wa kukiongoza. Vitanda vitarudi wodini na mitungi itapelekwa kwenye upasuaji.

Mume wangu alifurahi kuliko mimi. Tukaenda Temeke kumuaga mama. Nilimchukua na mwenzangu wa kazini, msichana hodari niliyemfundisha kwa mkono wangu, ili mama amzoee. Mama hakumpa hata mkono. Akaenda kwenye sanduku lake, akaitoa ile sanda ingali kwenye karatasi ya dukani, akaiweka juu ya godoro.

"Nenda, mwanangu, sikuzuii," akasema. "Ila siku utakayopanda ndege, hii naitoa kwenye karatasi. Pumu ikija nakaa humu humu ndani. Sipelekwi kwa mtu nisiyemjua akanifanye maiti kweli."

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema, "Mama watoto, umesikia mwenyewe. Mie yule ni mama yangu, unataka nifanyeje?"

Nina hasira, jamani. Mama huyu aliikataa mikono yangu nilipokuwa nayo bure, leo ninapotakiwa kuipeleka kujifunza zaidi anaing'ang'ania. Na nina hofu. Pumu yake naijua, na ukaidi wake naujua, akisema atakaa ndani atakaa. Akifa nikiwa huko, nitarudi na ubingwa wa kuokoa mama za watu, na mume wangu atanitazama kwa jicho gani? Nikibaki, chumba kinafungwa, na mama mwingine ataletwa na midomo ya kijivu asikute hata mtungi.

Jana mama mkwe alikuja tena kifua kikimpiga filimbi. Nikampa dawa, nikamkalisha, nikamsugua mgongo mpaka pumzi zikatulia. Akasinzia palepale kwenye kiti, kanishika kifundo cha mkono, na kila nikijaribu kujitoa anakaza. Metroni anataka jibu langu Jumatatu. Wasomaji wenzangu, nishaurini, nipande ndege au nibaki? Na mtakaosema niende, niambieni kwanza huo mkono naubanduaje.